Maswali ya wasomaji: edita nyepesi, mashine tofauti na mafaili yanayogoma

Barua za safari hii karibu zote zimeangukia sehemu moja, edita ya maandishi: ipi nyepesi, inawekwaje, na kwanini ukishaiweka mambo bado yanagoma. Kabla sijajibu niweke sawa jambo moja manake kuna walioandika wakichanganya. Edita ya maandishi sio Word. Faili la .docx ni zipu iliyojaa vifaili vingine ndani, lifungue kwa Notepad utaona herufi PK pale mwanzoni, ni herufi za jina la Phil Katz aliyetengeneza muundo wa zip, afu baada ya hapo ni uchafu mtupu. Edita yenyewe inaandika herufi ulizobonyeza na basi. Hamna fonti, hamna bold, na zile rangi unazoona kwenye kodi zinachorwa kwenye skrini tu, ndani ya faili hazipo. Ndo maana edita inaweza kuwa kaprogramu kadogo kabisa, na ndo maana pia shida nyingi mlizoniletea ukizichimba unakuta si za edita, ni za faili. Twende.

Fundi shikamoo. Nina laptopu ya zamani, RAM ni GB 2, nimeweka VS Code ikifunguka tu feni inapiga kelele na mausi inaganda. Najifunza kuprogramu, nyumbani natumia Windows na chuoni kompyuta zote ni Linux. Nitumie edita gani ambayo haitanisumbua pande zote mbili? – Mwanafunzi wa GB 2

Marahaba mdogo wangu. Laptopu usiilaumu sana. VS Code imejengwa juu ya Electron, na Electron ni kivinjari cha Chromium kilichofungashwa humo humo ndani ya programu, kwa hiyo ukifungua faili la mistari kumi umefungua na kivinjari kizima nyuma yake, na kila eksitensheni unayoongeza nayo inadai RAM yake. Ni edita nzuri sikatai, ila kwa GB 2 ambazo Windows imeshazila sehemu kubwa kabla hujagusa kitu, unajitesa bure.

Kwa hali yako mimi ningechukua Geany. Ipo tangu 2005, ni ya bure, inakubali Linux, Windows na Mac, na ndani inatumia Scintilla, injini ile ile ya kuhariri iliyomo ndani ya Notepad++. Najua watu wengi watakwambia Notepad++ na hawajakosea, Don Ho ameitoa tangu 2003 na kwenye Windows inafunguka kabla hujaondoa kidole kwenye mausi, lakini we una mifumo miwili na Notepad++ imeandikwa kwa ajili ya Windows peke yake. Ukizoea shotikati za edita moja nyumbani afu chuoni ukakuta nyingine, kila siku unaanza upya. Ila angalia kitu kimoja kwanza: fungua Settings, System, About, usome Windows yako ni ya biti ngapi. Kama ni 32 basi nenda na Notepad++ tu, bado wanatoa toleo la biti 32.

Kuiweka kwenye Windows: ingia geany.org, chukua instola ya Windows, bofya, Next, Next, Install. Ukipenda kuandika kuliko kubofya, fungua PowerShell uandike

winget install Geany.Geany

na yenyewe itashusha na kuweka. Hiyo winget inakuja na Windows 11 na pia Windows 10 ambazo sio za zamani sana, kama hauna usihangaike nayo, instola inatosha.

Kwenye Linux usiende kwenye tovuti kudaunlodi chochote, hii tabia tumeitoa Windows na inatuletea matatizo. Programu iko tayari kwenye hazina ya mfumo wako. Ubuntu, Mint na Debian ni

sudo apt install geany

Fedora ni sudo dnf install geany, Arch ni sudo pacman -S geany. Sasa chuoni huna paswadi ya sudo (ile amri ya kuendesha kitu kwa mamlaka ya msimamizi wa mashine), hilo najua, kwa hiyo andika kwanza which geany kate gedit mousepad nano uone tayari wana nini, manake karibu kila Linux ya chuo ina angalau kimoja katika hivyo, na kama Geany haipo mwombe anayesimamia maabara, kwake ni mstari mmoja.

Ukishaiweka kuna mambo matatu ya kuseti siku hiyo hiyo kabla hujaandika kodi. Edit, afu Preferences, afu Files: usimbaji (encoding, yani namna herufi zinavyogeuzwa kuwa baiti) wa mafaili mapya weka UTF-8, na mwisho wa mstari weka Unix LF, hata kwenye Windows, sababu yake utaiona kwenye swali la tatu hapo chini. Afu Editor, Indentation: chagua Spaces, upana 4. Python haitaki uchanganye tabu na nafasi, itakurushia TabError na kwa macho mistari inaonekana imenyooka vizuri kabisa, utakaa unaitazama mpaka uchoke. Kuendesha kodi bonyeza F5. Kama Windows inasema haiijui python, hiyo sio Geany, ni kwamba ulipoweka Python hukutiki pale palipoandikwa kuiongeza kwenye PATH (orodha ya folda ambamo mfumo unatafuta programu), rudia instola ya Python utiki. Na kwenye Linux kama F5 inaita python na mashine ina python3 tu, nenda Build, Set Build Commands, ubadilishe neno hilo moja.

Nimeandika programu ya kwanza ya Python kwenye Notepad nikasevu kwa jina hesabu.py, ila nikiibofya inafunguka Notepad tena badala ya kukimbia. Nimeangalia jina ni hesabu.py kabisa. – Nimekwama mapema

Jina lake halisi ni hesabu.py.txt. Notepad ikisevu inabandika .txt yenyewe na Windows kwa kawaida inakuficha kile kipande cha mwisho cha jina, kwa hiyo unaona .py ukadhani ndo mwisho. Fungua File Explorer, View, Show, tiki File name extensions, utaiona txt imekaa pale. Futa hiyo .txt, kubali onyo. Na siku nyingine ukisevu, pale chini kwenye Save as type chagua All files, au andika jina ndani ya alama za mtajo, "hesabu.py", Notepad italiheshimu kama lilivyo. Usirudi tena kuficha viendelezi, hiyo seti ya Windows imewasumbua watu kuliko ilivyowasaidia na virusi vingi vya picha.jpg.exe vinaishi kwa sababu yake.

Fundi nimeandika kaskripti ka bash kwenye laptopu yangu ya Windows, kwa macho hakana kosa hata moja, nikakapeleka kwenye seva ya Linux inaniambia /bin/bash^M: bad interpreter: No such file or directory. Bash ipo, nimeiangalia ipo! Nimeandika upya mara kibao. – Asiyelala

Lala kaka, kosa halionekani kwa macho ndo maana.

Mwisho wa kila mstari kwenye faili kuna alama isiyoonekana inayosema mstari umeishia hapa. Linux na Mac za sasa wanatumia alama moja, LF, ambayo ni baiti namba 10. Windows inatumia mbili, CR afu LF, yani 13 na 10. Hizi ni kumbukumbu za mashine za teleprinta, CR ilikuwa inarudisha kichwa cha kuchapia mwanzo wa mstari na LF inasukuma karatasi mstari mmoja juu, kazi mbili tofauti kwa hiyo amri mbili. Unix wakaona moja inatosha, DOS ikabaki na zote mbili na Windows ikarithi, na Mac za zamani kabla ya OS X zilikuwa na CR peke yake, kila mtu na lake.

Sasa mstari wako wa kwanza umeandika #!/bin/bash, yani endesha faili hili kwa programu ya bash. Linux inausoma mpaka ikutane na LF, kwa hiyo inapata /bin/bash na ile CR imeng'ang'ania mwishoni, inaenda kutafuta programu inayoitwa bash-na-CR, na hiyo kweli haipo. Ile ^M unayoiona ndo CR yenyewe imechorwa. Kwenye bash mpya ujumbe umebadilika unasema cannot execute: required file not found, ambao kwa maoni yangu ni mbaya zaidi manake hata ile ^M ya kukustua imeondoka.

Hakikisha kwanza. Kwenye seva andika

cat -A skripti.sh

kila mstari utaishia na alama ya dola, ukiona ^M$ badala ya $ peke yake basi mchawi umemkamata. Kumtoa:

sed -i 's/\r$//' skripti.sh

au kama dos2unix ipo, dos2unix skripti.sh inafanya kazi hiyo hiyo. Baada ya hapo chmod +x skripti.sh kama hukufanya, afu ./skripti.sh.

Kuzuia isijirudie uanze na edita huko Windows. Kwenye Notepad++ tazama ule ukanda wa chini upande wa kulia, umeandikwa Windows (CR LF), bofya hapo kwa kitufe cha kulia uchague Unix (LF), sevu. Kwa mafaili mapya yote nenda Settings, Preferences, New Document, weka Unix huko. Kwenye Geany ni Document, Set Line Endings. Na ukitaka kuziona kwa macho yako, Notepad++ ina View, Show Symbol, Show End of Line, kila mstari utaota kibandiko cheusi cha CR na LF, ukishaziona mara moja hutazisahau.

Kuna atakayeuliza mbona yeye anatumia Notepad ya kawaida na mafaili ya Linux yanafunguka vizuri. Ndiyo, tangu toleo la 1809 la Windows 10, mwaka 2018, Notepad imejifunza kuzisoma LF. Kabla ya hapo ulikuwa ukifungua faili la Linux unapata mstari mmoja mrefu usio na kituo, na Notepad ipo tangu Windows 1.0 ya 1985, kwa hiyo hesabu mwenyewe watu wamevumilia muda gani.

Habari fundi. Mimi ni wa Mac. Naandika HTML kwenye TextEdit, nasevu vizuri, nikifungua kwenye Safari naona kodi yangu yote na zile alama za < > badala ya ukurasa. – Dada wa HTML

Nzuri dada. TextEdit ikifungua ukurasa mpya inaanza na muundo wa RTF, ambao ni maandishi yenye mapambo, kwa hiyo ulichoandika wewe imekichukulia kuwa ni barua ikailinda kama ilivyo. Bonyeza Shift, Command na T kwa pamoja, au menyu ya Format uchague Make Plain Text, afu sevu upya kwa .html. Kuimaliza kabisa ingia Settings za TextEdit chagua Plain text, na ukiwa humo humo zima Smart quotes, manake inageuza " kuwa zile za kujipinda, zinapendeza ila kivinjari hakizitambui na atributi zako zote zitavunjika. Upande wa Open and Save tiki ile ya kuonyesha HTML kama kodi, usipotiki utafungua faili lako kesho na utaliona limeshachorwa kama ukurasa na kodi huioni.

Lakini ukiniuliza mimi, baada ya kufanya hayo yote utakuwa na edita isiyo na rangi wala namba za mistari. Weka CotEditor, ya bure, ipo kwenye App Store, nyepesi na imetengenezwa kwa ajili ya Mac tu. Ukitaka Geany nayo inapatikana kwa dmg, unaivuta kwenye Applications kama kawaida. Programu yoyote utakayoichukua nje ya App Store, Mac inaweza kuizuia mara ya kwanza ikisema haijathibitishwa. Kwenye macOS za nyuma ulikuwa unabofya kwa kulia afu Open yanaisha, kuanzia Sequoia, yani macOS 15, njia hiyo wameifunga, sasa unajaribu kuifungua, inakataa, unaingia System Settings, Privacy & Security, unashuka chini unakuta Open Anyway. Ni usumbufu kidogo lakini fanya hivyo kwa programu uliyoitoa kwenye tovuti yake halisi tu, sio ile uliyotumiwa na mtu.

Msaada wa haraka!! Niliandika git commit kwenye teminali skrini ikabadilika, nikibonyeza herufi mara zinaandika mara zinafuta, nikabonyeza Ctrl+S kila kitu kikaganda kabisa. Nimefunga dirisha zima. – Mfungwa

Pole sana. Git, ile programu ya kutunza historia ya kodi, ilikufungulia edita inayoitwa Vim uandike maelezo ya commit, na umefungwa mara mbili.

Ile kuganda kwanza. Kwenye teminali nyingi Ctrl+S haihusiani na kusevu, ni amri ya kale ya kusimamisha kinachotoka kwenye skrini. Ctrl+Q inakifungulia. Kila kitu ulichobonyeza wakati imeganda kitatoka kwa mkupuo, usishtuke.

Afu Vim yenyewe. Bonyeza Esc, andika :q! na Enter, umetoka bila kusevu. Ukitaka kusevu na kutoka ni Esc, :wq, Enter. Inakuchanganya kwa sababu ina hali mbili, kwenye hali moja herufi ni herufi na kwenye nyingine herufi ni amri, x inafuta, dd inafuta mstari mzima, na ukifungua unaanzia kwenye ile ya amri. Imerithi hilo kutoka vi ya Bill Joy ya miaka ya 1970, Bram Moolenaar akaitoa Vim 1991, na waliozizoea hawataki kusikia kingine. Sikuzuii kujifunza, siku ukipata wiki tulivu andika vimtutor kwenye teminali, ni somo zuri, ila sio siku una commit inasubiri.

Kwa sasa mwambie git atumie nano:

git config --global core.editor nano

na kwenye ~/.bashrc, au ~/.zshrc kama uko Mac, ongeza export EDITOR=nano ili programu nyingine nazo zifuate. Nano haina hali mbili, unaandika inaandika. Pale chini inakuonyesha amri, ile alama ^ maana yake Ctrl na M- maana yake Alt. Ctrl+O inasevu, itakuuliza jina, piga Enter. Ctrl+X inatoka. Ctrl+W inatafuta, Ctrl+K inakata mstari na Ctrl+U inaubandika. Hizo tano zinatosha kuishi. Wa Mac wajue kwamba tangu macOS 12.3 ukiandika nano unaletewa pico, ndugu yake mzee, inafanana lakini imepungukiwa vitu, rangi za kodi kwa mfano hamna. Nano ya kweli unaipata kwa Homebrew (kiwekaji cha programu cha Mac, unakiweka kwanza): brew install nano.

Nimehariri /etc/hosts (lile faili la mfumo la majina na anwani za mtandao) kwa edita ya kawaida inakataa kusevu, rafiki akaniambia nifungue edita kwa sudo, ikafanya kazi, ila siku hizi edita hiyo hiyo haisevu hata mapendeleo yake. Windows nako hosts inakataa. – Wa mifumo miwili

Rafiki yako amekutatulia moja akakuachia jingine. Ukifungua programu yenye madirisha kwa sudo, inaweza kuandika mafaili yake ya mapendeleo ndani ya nyumba yako lakini kwa jina la root (msimamizi mkuu wa mfumo), kesho ukiifungua kama wewe inakuta mafaili sio yako na haiwezi kuyagusa. Yarudishe:

sudo chown -R $USER: ~/.config/geany

weka folda ya edita yako pale badala ya geany. Kuanzia leo tumia sudoedit /etc/hosts. Hii inakupa nakala ya faili, unaihariri ukiwa wewe wa kawaida kwa edita yako mwenyewe, ukifunga ndo inairudisha mahali pake kwa mamlaka ya root. Edita yenyewe haishiki mamlaka hata sekunde moja.

Windows: tafuta Notepad kwenye Start, bofya kwa kulia, Run as administrator, afu kutoka humo ndani fungua C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts, ubadilishe pale chini kuwa All files manake hosts haina kiendelezi na bila hivyo folda itaonekana tupu. Na usisevu hosts.txt, tumeshaliongelea.

Notepad++ naweza kuiweka kwenye Ubuntu? – Mpenzi wa kinyonga

Kwa Wine inakubali. Usifanye. Unabeba tabaka zima la kuigiza Windows ili upate edita, wakati Geany au Kate zinakupa karibu yote hayo zikiwa nyumbani kwao. Kama ni sura tu ndo unaikumbuka, kuna NotepadNext, imeandikwa upya kwa kuifuata na inakimbia Linux na Mac pia.

Faili langu la majina nikilifungua linaonyesha JosÃ© badala ya José. Nimebadilisha usimbaji kwenye Notepad++ ikawa mbaya zaidi. – Karani

Faili ni UTF-8 na kuna programu imelisoma kama Windows-1252, usimbaji wa zamani wa Windows. Ile é kwenye UTF-8 ni baiti mbili, C3 na A9, anayesoma kwa Windows-1252 anazihesabu kuwa ni herufi mbili, Ã na ©. Faili la awali bado ni zima, usiandike chochote juu yake.

Ulipoharibu ni hapa: menyu ya Encoding ya Notepad++ ina makundi mawili. La juu, UTF-8, ANSI na wenzao, linabadilisha namna ya kusoma tu, baiti hazigusi. La chini linaloanza na Convert to linabadilisha baiti zenyewe. Ukiwa unaona JosÃ© ukachagua Convert to UTF-8 umezichukua zile takataka mbili ukazihalalisha, sasa kweli zimo ndani ya faili. Rudi kwenye nakala ya awali, chagua UTF-8 ya juu, uone José, basi. Convert unaitumia pale tu ambapo unachokiona kwenye skrini tayari ni sahihi. Na ukikuta  ï»¿ mwanzo kabisa wa faili, hiyo ni BOM, baiti EF BB BF ambazo Windows inapenda kuziweka na skripti za Linux hazizitaki, hapo lifungue faili kwa Notepad++, ukishaona maandishi yako ni sahihi, Convert to UTF-8 isiyo na neno BOM inaiondoa.

Nafanya kazi kwenye Windows, Mac na seva za Linux kwa siku moja. Nataka edita ya teminali moja kwa zote, yenye Ctrl+C na Ctrl+V za kawaida. Vim na Nano zote nimechoka nazo. – Wa kila mahali

Micro. Ni faili moja tu, imeandikwa kwa lugha ya Go, ukikuta seva huruhusiwi kuinstoli kitu unaitupia kwenye folda yako ya ~/bin unaiendesha. Mahali pengine, Windows, Mac na Ubuntu kwa mpangilio huo:

winget install zyedidia.micro
brew install micro
sudo apt install micro

Ctrl+S inasevu na safari hii inasevu kweli, Ctrl+Q inatoka, Ctrl+Z inarudisha nyuma, mausi inafanya kazi, Ctrl+E inafungua mstari wa amri kule chini. Andika humo set fileformat unix ukiwa Windows ukae mbali na yale ya Asiyelala. Mapendeleo yote yanakaa kwenye settings.json ndani ya ~/.config/micro, likopi kwenye mashine zote tatu na utajikuta nyumbani kila mahali. Linux ya dirisha ikigoma kubandika kutoka programu nyingine, weka xclip, au wl-clipboard kama mfumo wako wa madirisha ni Wayland. Ukiwa umeingia kwenye seva ya mbali kwa ssh, clipboard ni hadithi nyingine, tumia kubandika kwa teminali yenyewe, mara nyingi ni Ctrl+Shift+V.

Microsoft nao 2025 wametoa edita ndogo ya teminali ya chanzo huria, jina lake Edit, haifiki hata KB 250. Inaamka haraka, ila bado changa, mimi ningeiacha iwe ya kufungua faili la haraka kwenye Windows tu.

Nina faili la logi la GB 6, kila edita ninayojaribu inakufa. Ipi nyepesi zaidi? – Msoma logi

Hakuna, na usiitafute. Edita nyingi zinataka kupakia faili zima kwenye RAM ndipo zikuonyeshe, wakati we hutaki kulihariri, unataka kulisoma. less logi.txt kwenye Linux na Mac inafungua papo hapo kwa sababu inasoma kipande unachokitazama tu. Bonyeza / uandike unachotafuta, n kwa kinachofuata, G kwenda mwisho, q kutoka. Kama unajua neno lenyewe, grep "ERROR" logi.txt > makosa.txt, afu hilo dogo ndo ulifungue kwa edita uipendayo. Windows bila Linux ndani yake, PowerShell:

Select-String -Path logi.txt -Pattern "ERROR"

inachukua muda kwa GB 6 lakini inafika.

Kwenye simu ya Android je? – Sina kompyuta

Ipo. Chukua Termux (teminali ya Linux kwa Android) kutoka F-Droid (duka la programu huria), fungua, pkg update, afu pkg install nano. Ctrl unaipata kwenye ile safu ya vitufe juu ya kibodi, au shikilia kitufe cha kupunguza sauti ndo kinakuwa Ctrl. Andika termux-setup-storage uruhusu, ili mafaili yako ya simu yaonekane kwenye folda ya storage. Python nayo ni pkg install python, na ukishafika hapo una karibu kila kitu tulichokizungumza juu, isipokuwa kibodi ya maana, na hiyo ya bluetooth inakubali.